Jasho la Usiku na Chupa ya Mitishamba
Mhadhara kwa wakazi wa mji wa Isiolo



Isiolo jasho halimshangazi mtu. Saa saba mchana, jua likiwa utosini na vumbi la barabara ya Moyale likipeperuka, hata mbuzi hutafuta kivuli cha lori. Mwanamke akijifuta uso saa hiyo, nani atamwuliza? Lakini kuna jasho jingine, la saa nane usiku, hewa imeshapoa, watu wa nyumbani wamejifunika gubigubi, naye anatupa shuka kando na kuketi kitandani. Moyo unamwenda mbio, kanga imelowa mgongoni, na baada ya dakika chache anatetemeka kwa baridi. Asubuhi amechoka, anafoka kwa jambo dogo, na jirani anamnong'oneza: kuna mama pale sokoni ana dawa ya hiyo.

Dawa hiyo ndiyo nimekuja kuizungumzia. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ni kusimama nyuma ya kaunta, na msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunishika. Mimea kadhaa inayouzwa kwa ajili ya kukoma hedhi imepimwa kisayansi. Soya ina faida ya kweli, ingawa ndogo. Mingine mingi haijaushinda unga mtupu uliofungwa kwenye kidonge. Lakini hilo peke yake lisingenitoa nyumbani. Kinachonitia hofu hapa kwetu ni dawa kupewa jasho ambalo hakuna aliyeuliza limetoka wapi.

Tuanze na lile la umri. Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na Shirika la Afya Duniani linasema wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari zinapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, tena si kwa mteremko mmoja: inashuka, inapanda, inashuka tena. Ndiyo maana ile miaka ya kuelekea kukoma huwa na vurugu nyingi. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipothalamasi, na mojawapo ya kazi zake ni kulinda joto la mwili. Estrojeni ikipungua, seli fulani za pale husisimka kupita kiasi, na hipothalamasi inakuwa kama askari wa zamu ambaye kila kivuli kwake ni mwizi. Joto likipanda kidogo tu, kiasi ambacho zamani asingekijali, anapuliza filimbi: mishipa ya ngozi inapanuka, uso unawaka, jasho linatoka. Huko Marekani utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulionyesha mwaka 2015 kwamba nusu ya wale wanaosumbuliwa mara kwa mara huendelea nayo kwa zaidi ya miaka saba. Kwa hiyo anayekwambia vumilia, ni miezi michache tu, hajui anachosema.

Si yote mzigo. Mama mmoja Mwislamu aliniambia akicheka kwamba tangu akome anafunga Ramadhani nzima bila deni, na wakwe zake wanamwonea wivu.

Sasa, jasho la usiku lina wenyewe wengi, na Isiolo wenyewe hao ni wengi zaidi. Huu ni mji wa maziwa. Maziwa ya ngamia yanaletwa mjini kutoka malishoni, yanakusanywa na vyama vya akina mama kama Anolei, yanapanda basi hadi Eastleigh. Anayeyashika sana ni mwanamke, na mbuzi akizaa kwa shida, mara nyingi mikono inayomsaidia ni yake. Maziwa mabichi na maji ya uzazi ya mnyama ndiyo njia ambazo ugonjwa wa bruselosi humwingia binadamu. Na bruselosi inafanyaje? Homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioelezeka, huzuni. Mpe dalili hizo mwanamke wa miaka 48 ambaye hedhi yake imeanza kuruka miezi, halafu uniambie nani atafikiria maziwa.

Na kinyume chake kipo pia. Kile kipimo cha haraka cha bruselosi kinachotumika katika zahanati nyingi nchini kimepimwa na watafiti na kuonekana kinasema ndiyo pale ambapo ugonjwa haupo. Basi kuna wanawake waliomeza doksisaiklini na rifampisini kwa wiki sita, tumbo likawasumbua, na jasho likabaki palepale, kwa sababu lilikuwa la umri. Ukiambiwa una bruselosi kwa kipimo cha dakika chache, uliza kama kuna cha kuthibitisha. Na maziwa chemsha. Najua ladha hubadilika, najua wazee wanasema ya moto si maziwa. Chemsha.

Kifua kikuu nacho huleta jasho la usiku. Kikohozi cha wiki mbili, kupungua uzito, homa za jioni: huyo aende akapimwe makohozi, na hospitali za serikali hupima na kutibu kifua kikuu bila malipo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio na jasho hutoka. Mwenye kisukari, dawa zikishusha sukari mno usiku, huamka amelowa vilevile. Hakuna hata mmoja kati ya hawa atakayesaidiwa na majani. Na chupa ya sokoni ina kawaida ya kumchelewesha, maana anayemwuzia humwambia amalize ya kwanza, aongeze ya pili, mwili bado unasafishwa.

Baada ya kusema hayo, tumchukue mwanamke ambaye jasho lake kweli ni la kukoma hedhi, na anataka kitu cha mmea. Ana haki ya kutaka. Je, mmea unaweza kufanya kazi ya homoni? Unaweza, na waliotufundisha hilo ni kondoo. Hapa kisa hiki kitaeleweka vizuri kuliko Nairobi. Mwaka 1946 wataalamu wa mifugo wa Australia Magharibi waliandika juu ya makundi yaliyokuwa yakilishwa klova ya aina fulani, majani mazuri, mabichi, yaliyopandwa makusudi. Kondoo majike hawakushika mimba. Wengine uzazi uliwatoka nje. Wengine walianza kutoa maziwa bila kuzaa. Wafugaji walipata hasara kubwa na mwanzoni hakuna aliyeyashuku majani, maana wanyama walikuwa wamenona. Baadaye ikajulikana kwamba klova ile ina kemikali ya jamii ya isoflavoni, na vijidudu vya tumbo kubwa la kondoo vinaigeuza kuwa ekwoli, kitu kinachojibandika pale pale estrojeni inapojibandika.

Soya ina isoflavoni za ukoo huohuo, na bakteria wa utumbo wa binadamu nao hutengeneza ekwoli. Lakini si kwa kila mtu. Barani Asia ni karibu nusu ya watu au zaidi. Katika nchi za Magharibi ni robo hadi theluthi. Hiyo ni sababu mojawapo inayodhaniwa ya wanawake wawili kumeza kopo lilelile, mmoja akalisifu na mwenzake akalitupa.

Je, faida yake ni kiasi gani? Mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 62 na wanawake 6,653. Kemikali za mimea zinazofanana na estrojeni, isoflavoni zikiwemo, zilipunguza joto la ghafla la mchana kwa mara moja na kitu kwa siku, na ukavu wa ukeni ukapungua kidogo. Jasho la usiku halikubadilika. Tena wachambuzi wenyewe walikiri kwamba nyingi ya tafiti hizo zilikuwa na kasoro. Kwa mwanamke anayewaka mara kumi kwa siku, kushuka hadi mara tisa au nane si miujiza. Kwa anayewaka mara tatu, huenda kukamtosha.

Hapa mezani nina kopo la vidonge vya soya kutoka ng'ambo. Nageuza nyuma nisome: miligramu 40 za isoflavoni kwa kidonge. Kiwango kilichotumika katika tafiti nyingi ni kati ya miligramu 40 na 80 kwa siku. Nusu kikombe cha maharagwe ya soya yaliyochemshwa kina karibu miligramu 50, pamoja na protini ambayo mama wa umri huu anaihitaji kwa misuli yake. Bei ya kopo hili sitaitaja, nisije nikamwudhi mwenye duka, lakini fanyeni hesabu wenyewe mkifika sokoni. Maharagwe hayo yalowekwe usiku kucha na yapikwe yaive sawasawa. Mabichi huliumiza tumbo. Anayemeza dawa ya tezi ya shingo asiimeze pamoja na soya, maana soya huizuia kufyonzwa, aachanishe saa. Na aliyewahi kuugua saratani ya matiti asinunue vidonge vya isoflavoni kabla ya kumwuliza daktari wake.

Mmea wa pili mashuhuri duniani ni kohoshi nyeusi, mzizi wa misitu ya Amerika Kaskazini ambao wenyeji wa kule waliutumia kabla ya Wazungu kufika. Historia yake kibiashara inafurahisha, na mtanisamehe nikikaa nayo kidogo. Mwaka 1875, katika mji wa Lynn, Massachusetts, Lydia Pinkham alianza kuuza mchanganyiko wa mizizi na mbegu, kohoshi nyeusi na uwatu zikiwemo, kwa matatizo yote ya wanawake. Picha yake ilibandikwa kwenye chupa. Wanawake walialikwa wamwandikie, na barua za shukrani zikachapishwa magazetini kwa maelfu. Bibi Pinkham alifariki mwaka 1883. Matangazo yakaendelea kuwaalika wanawake wamwandikie, hadi mwaka 1905 gazeti moja la akina mama lilipochapisha picha ya jiwe la kaburi lake. Na ndani ya chupa, pamoja na mizizi, mlikuwa na kilevi kiasi cha asilimia 18. Wanawake wacha Mungu waliokula kiapo cha kutogusa pombe walikuwa wakinywa vijiko vyake asubuhi na jioni na kusifu jinsi wanavyojisikia.

Wanaopita soko letu na kipaza sauti, wakirudia sauti iliyorekodiwa ya mama aliyepona joto, presha, sukari, viungo na kukosa usingizi, hawajabuni kitu. Na kwa Waislamu nasema wazi: dawa nyingi za maji za mimea hukamuliwa kwa kilevi, leo kama zamani. Kwenye lebo litafuteni neno alkoholi au ethanoli. Kama hakuna lebo, hamjui.

Kohoshi yenyewe imepimwa vizuri. Huko Seattle, wanawake 351 waligawanywa: wengine walipewa kohoshi, wengine mchanganyiko wa mimea, wengine homoni, wengine kidonge kisicho na kitu, na hakuna aliyejua amepewa nini. Wakafuatwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: waliopewa homoni walipungukiwa na dalili karibu nne kwa siku zaidi ya wale wa kidonge kitupu. Waliopewa mimea hawakuwapita wa kidonge kitupu. Mwaka huohuo mamlaka za dawa za Uingereza na Australia ziliagiza makopo ya kohoshi yaandikwe onyo kuhusu ini, kwa sababu watu wachache walikuwa wameumwa ini baada ya kuitumia. Na walipopima vinasaba vya bidhaa 36 zilizoandikwa kohoshi nyeusi, robo yake zilikuwa na mimea mingine ya Asia ndani. Mtu ananunua mzizi wa Amerika, anakunywa mzizi wa Uchina.

Lakini mama aliyepona yupo, mtaniambia; tunamfahamu, anaishi Bulapesa. Simkatalii. Mwaka 2021 Wamarekani walichapisha jaribio dogo la wanawake 38. Nusu walikula chakula cha mimea chenye mafuta kidogo pamoja na nusu kikombe cha soya kila siku. Wengine hawakubadilisha kitu. Baada ya wiki 12, joto kali kwa wale wa soya lilipungua kwa asilimia 84. Magazeti yakashangilia. Mimi niliangalia kundi la pili, lile ambalo halikupewa chochote: nalo lilipungukiwa kwa asilimia 42. Joto la kukoma hedhi hupanda na kushuka lenyewe, na mtu hutafuta dawa siku ambazo limemzidi. Wiki zinazofuata zina kila sababu ya kuwa nafuu, hata angekunywa maji ya mtungi.

Uwatu najua mnausubiri. Kila nyumba hapa ina uwatu, wengine mkiuita hulba, na mzazi hupewa uji wake ili maziwa yatoke. Kwa joto la kukoma hedhi kuna majaribio madogo yenye matumaini, hayatoshi kuapia. Kama kiungo cha chakula sina ugomvi nao. Ila hushusha sukari, basi mwenye kumeza dawa za kisukari asianze kunywa vikombe vya uwatu bila kupima sukari yake, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aniulize kwanza.

Ndani ya uwatu mna diosgenini, na kemikali hiyo ina kisa. Katika miaka ya 1940 mkemia wa Marekani, Russell Marker, aliitoa kwenye viazi vikuu vya mwituni huko Mexico akaigeuza maabarani kuwa homoni ya projesteroni. Hadi leo homoni nyingi za hospitalini huanzia kwenye mimea, soya na viazi vikuu. Wafanyabiashara wamelisikia hilo nusu, wakaanza kuuza mafuta ya kupaka ya kiazi kikuu kwamba yataongeza homoni mwilini. Hayaongezi. Kazi ile ya maabara mwili wa binadamu hauwezi kuifanya, na jaribio lililochapishwa mwaka 2001 halikuona faida. Upande wa pili, ile dawa maarufu ya homoni ya Premarin, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1942, hutolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Anayeona vibaya kwa sababu ya dini yake amwambie daktari, aandikiwe estradioli, ambayo asili yake ni mmea. Kwa hiyo anayesema hataki homoni, anataka kitu cha mimea, huenda anakimbia kitu kilekile anachokitafuta.

Hofu ya homoni ilitoka mwaka 2002, Marekani iliposimamisha jaribio la vidonge vya homoni kwa wanawake 16,608. Saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka: wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Dunia nzima ikatupa vidonge, na soko la mitishamba likanenepa. Kilichosahaulika ni kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi walishakoma hedhi zamani. Kwa mwanamke chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu akome, asiyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mishipani au ugonjwa wa ini, vyama vikubwa vya madaktari sasa vinasema faida kwa kawaida huzidi madhara. Tatizo letu ni kumpata daktari wa kulizungumza hilo. Kutoka Merti au Sericho hadi hospitali ya rufaa ya kaunti ni safari ndefu ya vumbi, na chupa ya mitishamba iko mlangoni. Siwezi kumlaumu mtu kwa kununua kilicho karibu.

Basi ukinunua, nunua ukiwa macho. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili, na bidhaa za mitishamba zinazouzwa madukani zinatakiwa zisajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa isiyo na jina la mmea, isiyo na mtengenezaji wala tarehe, naiogopa kuliko mmea wowote. Katika nchi nyingi dawa za asili zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi. Hizo humfanya mtu ajisikie mzima kwa haraka: viungo vinalegea, hamu ya kula inarudi. Kisha uso unavimba, presha na sukari zinapanda, na mifupa, ambayo tayari imepoteza kinga ya estrojeni, inazidi kudhoofika. Ukianza kuona hivyo usiiache dawa hiyo ghafla nyumbani. Njoo hospitalini na chupa yenyewe, maana mwili uliozoea steroidi ukinyimwa mara moja unaweza kuzimia. Wahudumu wa afya wana fomu ya kuripoti madhara ya dawa kwa Bodi, na dawa ya mitishamba inaripotiwa humohumo.

Kuna jambo la faragha, na wanaume waliomo wavumilie. Ukavu na maumivu ya tendo la ndoa haviondoki vyenyewe kama joto linavyoondoka; huongezeka. Kwa mwanamke aliyetahiriwa, na hapa ni wengi, kovu linakuwa gumu zaidi na mkojo unaweza kuanza kuuma. Hakuna kidonge cha mmea kinachotosha kulitibu hilo. Kuna malai ya estrojeni ya kiwango kidogo, ya kupaka, na kuna vilainishi. Mume anayedhani mkewe amemchoka angefanya vema kumsindikiza.

Damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukoma, hata tone, hata mara moja, usiongeze dawa yoyote. Nenda wiki hiyohiyo ukachunguzwe mji wa mimba na shingo yake.

Kwa aliyebaki, mwenye joto la umri tu, aliyepimwa na kuonekana hana jingine, nina pendekezo. Chukua kalenda ya ukutani. Kwa wiki mbili usinywe dawa yoyote ya joto hilo, weka alama kila joto linapokujia, mchana na usiku mbalimbali. Ndipo uanze soya, au uwatu, kitu kimoja tu, uendelee kuweka alama hadi wiki ya 12. Zikiwa zimepungua sana, endelea. Zikiwa vilevile, acha, na pesa ya kopo la pili ukanunue maziwa, yaliyochemshwa.

Nitapokea maswali sasa, akina mama kwanza. Asiyetaka kuuliza mbele ya watu aandike kwenye karatasi, bila jina, ailete hapa mbele.